Siku Tuliyomtafuta Loveth Ziwani

Nyumbani, Liuli
Mwezi wa tisa

Kwako mdogo wangu Nathaniel,

Pokea salamu za dada yako wa tumbo moja, ambaye hajui barua hii itakukuta umelala wapi wala umekula nini. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua majira ya baridi kimepona, au bado unakohoa alfajiri? Huko Tunduru, kwenye mashimo ya madini, nasikia vumbi ni jingi na maji ya kunywa yanatoka mbali. Najua tangu utoto hukupenda kuulizwaulizwa, lakini dada ni dada, lazima aulize.

Barua hii nampa Zabron, yule mfanyabiashara wa dagaa, mtoto wa marehemu katekista wetu. Ndiye aliyeniambia kwamba alikuona sokoni Tunduru, umekonda, umefuga ndevu, na kwamba ulipomtambua ulivuka barabara ukapotea kwenye watu. Sikukasirika. Nilimshukuru kwa kuniambia kwamba u hai. Simu yako nimeipiga mpaka yule mwanamke anayesema haipatikani nimemzoea kama jirani. Zabron ameahidi mbele ya Mjomba Egidi kwamba safari hii atakufuata hadi ng'ambo ya barabara na kukutia karatasi hii mkononi.

Sisi huku tupo. Mjomba Egidi anakusalimu. Miguu inamvimba lakini ngoma bado anaipiga, na mkewe amechoka kumkanya. Hildegardi, rafiki yangu wa tangu utoto, naye anakusalimu sana. Mihogo mwaka huu imekubali. Dagaa walijaa mwezi wa sita, halafu wakatoweka kama waliofukuzwa. Mwanao Loveth yuko darasa la pili, meno ya mbele yameota, kimo amekuchukua wewe. Yupo hai. Nakuambia neno hilo mapema, ndugu yangu, ili uyasome yanayofuata pole pole bila kuruka mstari.

Nataka kukusimulia habari za tamasha.

Unakumbuka mlivyolianza, wewe na marehemu mkeo Glorious. Turubai la kanisa, spika ya kuazima, ngoma ya mganda ya Mjomba Egidi, na akina mama waliokubali kupika bila ujira. Watu waliwacheka. Walisema tamasha gani hili halina kiingilio, halina zawadi, wala halina mheshimiwa wa kulifungua. Ninyi mkajibu kwamba hili ni la familia: baba, mama na watoto waje wakae mkeka mmoja, wacheze, wale, na jua likianza kuinama, familia moja moja ipande jukwaani kuimba wimbo wa nyumbani kwao. Basi. Ulipoondoka baada ya kumzika mkeo, kila mtu alidhani na tamasha limezikwa. Halikuzikwa. Nililibeba mimi na Hildegardi, na Mjomba Egidi na vijana wake, na dada mmoja anaitwa Mwanaidi, afisa kilimo aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Hana ndugu huku, na kanisani haingii maana yeye ni Mwislamu, lakini kipaza sauti ni chake. Watu wanakipenda Kiswahili chake. Wanasema Mwanaidi hata akitangaza mbuzi aliyepotea utadhani anaimba.

Mwaka huu mambo yalikataa tangu mwanzo. Ule ufukwe wenu wa zamani umeliwa na ziwa. Maji yaliyopanda hayajarudi yote, ikabidi tuhamie kwenye mchanga ulio chini ya miamba mikubwa. Spika ikaungua wiki ile ile ya tamasha, tukabaki na kipaza sauti cha betri. Kikundi cha Kitura kikaleta taarifa kwamba hakiji, kina msiba. Nikawaambia wenzangu tuahirishe. Aliyekataa ni Loveth. Alilia mpaka akatapika. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mingi ya ule wimbo aliokuwa akiimba mama yake akitwanga muhogo, ule wenye maneno ya Kinyasa ambao wewe ulikuwa unaitikia kwa kinywa kilichofungwa. Kila jioni aliuimba uani, na mahali pa kuitikia alinyamaza, akaacha nafasi. Nilipomuuliza kwa nini ananyamaza pale, akasema ni pa baba.

Basi hatukuahirisha.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno, Nathaniel. Kutoka milimani ilikuja Fuso iliyojaa watu wa Mpepai, akina mama wanaocheza ngoma ya kioda na waume zao na watoto wao, watu wa kahawa, wengi wao hawajawahi kuliona ziwa. Watoto walishuka wakakimbilia majini na nguo zao. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mcheshi anaitwa Emerensiana, alichota maji kwa viganja, akayaonja, akauliza yanaishia wapi. Tulicheka. Mjomba Egidi akatoa vijana wake wamevaa kaptula nyeupe na mashati meupe yaliyonyooka, mabuyu ya kupulizia mdomoni, ngoma kubwa mbele, wakaja kwa mstari kama askari wa gwaride, na vumbi la mchanga likapanda hadi magotini. Loveth alikimbia ubavuni mwao mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amevua ndala zake za manjano zile alizomletea Hildegardi kutoka Mbinga, na mimi nikamwambia asizitupe ovyo.

Baada ya chakula ikaanza zamu ya familia. Palipanda mzee mmoja na mkewe wasio na watoto, wakaimba huku wameshikana mikono. Wakapanda watu wa Mpepai. Kisha Mwanaidi akatangaza, kama anavyotangaza kila mwaka, "Familia ya Nathaniel na Glorious."

Tulikuwa tumekubaliana na Loveth jambo moja, na yeye ndiye aliyelibuni. Yeye atasimama upande wa ngoma, mimi nitapanda kwanza, nimtafute kwa macho, nimwite kwa mkono, ndipo apande akicheza. Alitaka watu wote waone kwamba ameitwa.

Nilipanda. Jua lilikuwa linanipiga usoni na ziwa lote linameta. Nikatazama upande wa ngoma, sikumwona. Nikatazama tena. Watu wanangoja, upepo unapiga turubai, Mwanaidi ananiangalia. Nikasema moyoni, huyu ameona haya, amekwenda kujificha kwenye miamba. Nikataka kumwokoa na aibu. Nikachukua kipaza sauti, nikatania kwamba leo mtanisamehe, familia yangu ni mimi peke yangu. Watu wakacheka. Nikaimba ubeti mmoja, nikashuka, nikaendelea kugawa uji kwa watoto wa wageni.

Mpaka leo naukumbuka ule uji. Niliugawa nikiwa na furaha.

Tulipoanza kukunja mikeka na Fuso ya Mpepai imekwisha kuondoka, ndipo nilipouliza Loveth yuko wapi. Watoto wa Mjomba Egidi wakasema walidhani yuko na mimi. Hildegardi alidhani yuko na watoto. Tukamwita kwenye miamba, tukamwita nyumbani, tukamwita kanisani. Kisha msichana mmoja akaja ameshika kitu mkononi, ananyoosha tu. Zilikuwa ndala za manjano. Amezikuta ukingoni mwa maji.

Nathaniel, sina namna ya kukuandikia sauti niliyoitoa.

Akina mama wakaanza kulia kilio cha msiba. Mjomba Egidi akawafokea, jambo ambalo sijamwona akilifanya maishani. Alisema, "Hatumlilii mtu ambaye hatujamwona!" Kisha akawaita vijana wa mganda. Walikuwa bado na mavazi yao meupe. Akawapanga mstari mmoja, wakashikana viwiko, wakaingia ziwani hivyo hivyo na viatu vyao, wakitembea pole pole, wakipapasa chini kwa miguu. Maji yakawafika kiunoni, yakawafika kifuani. Walikwenda, wakageuka, wakarudi, wakasogea kando kidogo, wakaenda tena. Mchana uleule nilikuwa nimewapigia vigelegele kwa kutembea mstari mmoja.

Mwanaidi hakuacha kipaza sauti. Aliita, "Loveth binti Nathaniel, njoo kwa shangazi yako, hakuna atakayekupiga." Aliita hivyo mpaka betri ikafa, na betri ilipokufa akaendelea kwa koo lake. Mitumbwi ikatoka. Mzee mmoja wa mtaa wa chini akaenda nyumbani akaleta kokoro, ule wavu wa kuburuta uliokatazwa, aliokuwa ameufukia chini ya majani ya mihogo, na mtendaji wa kijiji alipouona alishika kamba akavuta pamoja naye. Kila wavu ulipokaribia nchi kavu akina mama walifunika macho kwa kanga. Ulikuja na magugu. Ukaja na samaki, na hakuna aliyewaokota. Waliachwa wakirukaruka mchangani mpaka wakatulia. Mimi sikufunika macho. Nilikaa pale wavu unapofikia, kwa sababu nilisema kama anakuja, aikute mikono yangu kwanza.

Jua likazama. Usiku ule sina la kukusimulia. Nilikuwa nazungumza na Glorious, na niliyomwambia ni yangu na yake.

Asubuhi, watu wakiwa wamejilaza kwenye mchanga kama waliopigwa, tulisikia gari. Ile Fuso ya Mpepai ilikuwa inateremka inapiga honi mfululizo. Mama Emerensiana alikuwa amesimama mbele, na mikononi amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Nilijua ni Loveth kwa sababu Hildegardi alipiga kelele jina lake.

Ilikuwa hivi. Loveth alipanda kwenye lori lao wakati wa shughuli, akajikunja kwenye kona chini ya turubai, kati ya ngoma. Walipoondoka walikuwa wanaimba, hawakugundua. Huko milimani, gari liliposimama kupoza injini, ndipo wakasikia mtu anakohoa. Walitaka kurudi papo hapo, dereva akakataa kuziteremka zile kona gizani na gari lile bovu, na nani atamlaumu. Walitaka kupiga simu, lakini simu zao zilikuwa zimekufa kwa kupiga picha kutwa nzima, na moja iliyobaki na chaji haikupata mtandao kwenye lile bonde. Halafu tena wampigie nani? Mama Emerensiana alimuuliza mtoto yeye ni wa nani. Alinisimulia haya huku machozi yanamtoka. Mtoto alimjibu, "Sina mtu." Akamuuliza basi alikuwa anakwenda wapi. Akasema alimsikia dereva akisema kwamba baada ya Mpepai atapakia mahindi kupeleka Tunduru.

Nilikimbia kumpokea. Nilinyoosha mikono. Loveth akageuza uso, akauficha kwenye bega la yule mama asiyemjua.

Watu walimshukuru Mungu, ngoma ikapigwa, Mjomba Egidi akalia mbele za watu. Mwanaidi hakuweza hata kusema asante, sauti ilikuwa imekwisha, na ilichukua muda mrefu kurudi. Kila mtu aliniambia nifurahi. Na mimi nilifurahi, ndugu yangu, usidhani sikufurahi. Lakini mtoto hakunisemesha siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile. Nilimpikia wali na samaki wale wa mbasa anaowapenda, akaenda kula ugali kwa Hildegardi. Nikimwita anaitika kwa adabu, kama anavyoitika kwa mgeni. Usiku alilala ametazama ukutani. Nilidhani ni hofu. Nilidhani labda milimani alipatwa na jambo. Nikaenda naye hospitali, wakampima, wakasema mtoto mzima.

Aliyeambiwa sababu ni Hildegardi. Alikuja kwangu jioni moja, amesimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Alikuwa na hasira ambayo sikuijua kwake tangu tukiwa wasichana. Akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Akasema Loveth amemwambia kwamba siku ya tamasha alikuwa amesimama pale pale tulipokubaliana, karibu na ngoma, mbele ya watu wote, hakuna aliyemziba. Nilipopanda alinipungia mkono. Nilimtazama. Akanipungia tena kwa mikono miwili. Nilimtazama usoni kabisa, kisha nikageuka, nikashika kipaza sauti, nikawaambia watu wote kwamba familia yangu ni mimi peke yangu, na watu wote wakacheka.

Ndipo akaondoka kwenda kukutafuta wewe.

Sasa, Nathaniel, nafika kwenye lile lililonifanya nikutafute kwa barua. Nilimwambia Hildegardi usiku uleule, na wewe ni wa pili kuambiwa ukimtoa mtoto. Mimi sikumwona. Alisimama mbele yangu, nikamtazama usoni, na sikumwona.

Macho yangu yanakufa. Lilianza la kushoto, masika ya mwaka ule ulipoondoka wewe. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Nikawa najigonga kwenye fremu za milango, nikawa namwaga chai pembeni ya kikombe, nikasema ni uzee, na mimi bado sijawa mzee. Kisha la kulia nalo likaanza kufunga kutoka pembeni, mpaka ikawa kama natazama dunia kwa tundu la ufunguo, na jua likiwa kali hata tundu lenyewe linajaa maziwa. Daktari wa macho anayepita huku mara moja moja aliniangalia akasema ni presha ya macho. Alisema kilichokwenda hakirudi, na dawa ya matone ni ya kushikilia kilichobaki. Matone nayatia. Hayashiki.

Nilificha. Niliogopa wakijua hawataniachia mtoto. Niliogopa atakuja mtu wa ofisini au ndugu za Glorious kutoka Kitura waseme kipofu hawezi kulea, wamchukue. Nikajifunza nyumba kwa mikono, njia kwa miguu, watu kwa sauti zao. Tamasha zima nililiongoza hivyo na hakuna aliyejua. Nilijiona hodari.

Kalamu hii imeshikwa na Hildegardi. Mimi nasema, yeye anaandika. Hapa ameiweka chini kidogo, nami nimemsubiri.

Nilimwita Loveth uani, nikamwambia ukweli wote. Sikujua mtoto wa umri wake anaambiwaje jambo kama hilo, kwa hiyo nilimwambia kama lilivyo. Nilimwambia, "Mama, shangazi yako haoni. Siku ile sikukukataa, sikukuona." Nilidhani ameondoka. Kisha nikamsikia anauliza kwa sauti ndogo kutoka upande wa kulia, "Hapa unaniona?" Nikasema hapana. Akasogea. "Hapa je?" Nikasema hapana, mama. Akazunguka, nikimsikia anavyoburuta miguu mchangani, akauliza tena na tena. Mwishowe akafika mahali, karibu kabisa, mbele ya uso wangu lakini chini kidogo, na pale nikauona uso wake, Nathaniel, meno yake mapya na kovu lake la nyusi. Nikamwambia hapo nakuona. Akauliza hapa? Nikasema hapo. Akachora alama kwa kidole cha mguu, akasimama pale, akaanza kulia, na mimi nikalia.

Tangu siku ile anakula kwangu. Akitoka shule kabla ya kuvua sare anakuja kusimama pale, nimwone, ndipo anakwenda kucheza. Amenisamehe mimi. Lakini wewe hajakutaja tena. Ule wimbo hauimbi. Nilimwomba auimbe, akasema umekwisha.

Kuhusu tamasha, wenzangu hawajui la kufanya. Wapo wanaosema mahali pale pana mkosi na hawatapeleka watoto tena karibu na maji. Vijana wa mganda wamefua mavazi yao, lakini wanasema wakiyavaa wanaona miguu yao inapapasa. Mwanaidi ameomba uhamisho, kisha akaenda kuuondoa, kisha nasikia ameuomba tena. Sitalibeba mwaka ujao. Siwezi.

Sikuombi urudi kwa ajili yangu. Mimi nitaongozwa na fimbo, wapo wengi walioishi hivyo, na Hildegardi yuko karibu. Wala sikuandikii kukulaumu kwa kuondoka. Nilikuona ulivyokuwa ukikaa kaburini kwa Glorious tangu asubuhi bila kula, na nilijua mtu anaweza kukimbia ili asife. Lakini yule mtoto anahitaji mtu wa kumtazama aende shule na kumtazama arudi. Mimi pale mahali pa kumwona panazidi kuwa padogo. Jana alisogea zaidi ndipo nikampata. Siku si nyingi hapatakuwapo, naye ataniuliza "hapa je?" na sijui nitamjibu nini.

Kama unakuja, njoo upesi. Kama huji, mwambie Zabron kwa kinywa chako kwamba huji, ili nijue, na nimpeleke mwenyewe kwa ndugu za mama yake ningali naweza kumwona anavyonitazama nikimwacha. Usivuke tu barabara. Hilo moja nakuomba kwa ziwa tuliloogeshwa ndani yake. Zabron anarudi akishamaliza mzigo wake, nimemwomba akuwekee nafasi ya mbele garini.

Hapa naishia, siyo kwa kuwa maneno yamekwisha bali mkono wa Hildegardi umechoka. Mjomba na mkewe wanakusalimu, nyumba yako ipo, paa halivuji. Mungu akulinde huko chini ya ardhi unakochimba, akutoe juu salama kila siku.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Valeria

Nathaniel, haya yafuatayo hakuniambia niyaandike, na sitamsomea. Anasema bado anamwona mtoto akisimama pale. Loveth naye anaamini. Leo asubuhi, kabla hatujaanza barua, mtoto akiwa shuleni, nilikwenda nikasimama mimi kwenye ile alama, nikachutama kidogo, nikanyamaza. Akageuza uso kunielekea, akatabasamu, akaniita Loveth.

Hildegardi